Behewa Ambalo Mzee Evert Hakulimaliza

Kabla hamjaniuliza: hapana, sikuwa na homa siku hiyo, sikuwa nimekunywa kitu, na usingizi nilikuwa nimepata wa kutosha. Tena haikuwa saa ya watu kulala. Ilikuwa alasiri, ndani ya treni iliyojaa watu wanaotoka kazini. Mmoja wao ninamfahamu, anaitwa Mama Chantal, anakaa Rågsved kama mimi, na tangu siku hiyo tukikutana dukani ananisalimia akiwa ameshaanza kuondoka. Muulizeni yeye. Alimwona, na alimsikia. Mngejua jinsi ninavyotamani Mama Chantal angekuwa hakuona kitu, ili niseme nilichoka tu, akili ilinichezea, yakaisha.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Hapa Stockholm nimefanya kazi ya hemtjänst miaka kumi na mmoja, yaani kuzunguka majumbani kwa wazee: huyu unamwogesha, huyu unampashia chakula, huyu unamvua soksi, unakimbia kwa mwingine. Kila nyumba una dakika zako. Ukifika unagusisha simu kwenye kibandiko cha mlangoni, ukitoka unagusisha tena, na ofisini wanaona kwamba ulikuwepo. Wanaona kibandiko, mtu hawamwoni. Hilo kila mmoja wetu analijua, ila hatulisemi.

Mzee Evert alikuwa wangu kwa miaka minne. Aliishi Hagsätra, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, peke yake. Ujana wake wote aliutumia kutengeneza mabehewa ya mizigo kwenye karakana ya reli, na uzee wake aliutumia kutengeneza mabehewa yale yale madogo, ya kukaa kwenye kiganja cha mkono. Meza yake ilikuwa dirishani, imetandikwa magazeti, na juu yake chupa za rangi, brashi nyembamba kama kope, na taa.

Wiki yangu ya kwanza kwake nilimfanyia jambo ambalo hadi leo likinijia nasikia aibu. Nilikuta behewa limesimama rafuni, limejaa kutu na masizi, vumbi hadi magurudumuni. Nikaona maskini, huyu mzee hana mtu wa kumfutia vitu. Nikachukua kitambaa chenye maji ya sabuni, nikalisugua mpaka likang'aa. Alipotoka chooni akalitazama, akaketi. Aliniambia kwamba ule uchafu ulimchukua majuma mawili. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alivuta kiti cha pili, akasema kwa kuwa mimi ndiye niliyelirudisha kiwandani, mimi ndiye nitakayelizeesha tena.

Ndivyo nilivyojifunza. Unaanza na rangi ya bati yenyewe. Juu yake unapaka vanishi inayong'aa, ili uchafu uteleze usishike ovyo. Halafu unachukua rangi ya kahawia iliyokolea, unaizimua kwa thina mpaka inakuwa nyepesi kama chai ya rangi. Unagusisha ncha ya brashi kwenye kiungo cha bati, basi, na ile rangi inakimbia yenyewe, inafuata mfereji, inazunguka vichwa vya ribiti. Unasubiri kidogo. Kisha kwa brashi safi yenye unyevu wa thina unavuta kutoka juu kwenda chini, jinsi mvua inavyoteremka. Kutu unaidonoa kwa kipande cha sponji. Vumbi ni unga wa rangi, unapulizwa chini kwenye magurudumu. Na mwisho kabisa, vanishi isiyong'aa, ile inayoua mng'ao wote. Mzee alisema bila hiyo ya mwisho mtu anatazama anaona rangi tu, lakini ukiipaka anaona behewa lililosimama mvuani miaka arobaini.

Mimi nilipenda kuweka kutu kila mahali. Alikuwa akilitazama behewa langu kwa muda mrefu, kimya, akitafuta penye kosa, halafu ananiuliza taratibu ni nani aliyeligeuza juu chini, maana kutu ipo paani na chini ambako maji hukaa hakuna kitu. Tulikuwa tunacheka. Zile dakika ishirini za jioni zilikuwa mapumziko yangu ya siku nzima. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikumchukia mzee huyu. Ningemchukia, kisa hiki kingekuwa chepesi kukisimulia.

Sasa ile Jumamosi.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Binti wa mjomba wangu alikuwa anatolewa mahari, sherehe ilikuwa Rissne, upande mwingine kabisa wa mji. Niliomba kubadilishana zamu, hakuna aliyekubali. Saa kumi na mbili na nusu jioni nilimaliza kwa bibi mmoja wa Högdalen, na Mzee Evert alikuwa wa mwisho kwenye orodha yangu, saa mbili kasoro robo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kumpashia chakula, na kumvua zile soksi za kubana miguu anazovaa mchana ili damu isituame. Hazitakiwi kulaliwa. Basi, hiyo tu.

Nikasimama kituoni Högdalen. Treni ya kwenda mjini ikatangulia kuja, kabla ya ile ya Hagsätra. Nikapanda.

Saa mbili kasoro robo nilikuwa Rissne, sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, mapajani. Nikatoa simu, nikachagua jina lake, nikabonyeza kwamba kibandiko hakisomi, kwa sababu kuna njia hiyo kwa siku ambazo mitambo inasumbua. Mahali pa kuandika maelezo nikaandika maneno mawili ya Kiswidi, Allt bra, yaani kila kitu kiko sawa. Halafu nikarudisha simu mkobani, na walipopiga muziki nikacheza. Nilicheza vizuri sana usiku ule. Watu walinisifu.

Asubuhi yake mwenzangu wa zamu, Marisol, mama mmoja wa Chile, alimkuta sakafuni kati ya meza na kitanda. Ndara moja mguuni, nyingine imeruka hadi mlangoni. Kitufe cha kuitia msaada alikuwa amekitundika kwenye taa ili kisiingie rangi. Daktari alisema alianguka mapema jioni, na kwamba hakufa mara moja. Hilo hata bila daktari lilionekana. Alikuwa ameyavuta magazeti ya mezani, akajifunika nayo, kwa sababu alisikia baridi.

Na soksi zilikuwa bado ziko miguuni.

Marisol anajua kazi yetu. Alipoziona soksi alielewa kila kitu. Alizivua, akazikunja, akaziweka kwenye kiti, ndipo akapiga simu. Siku iliyofuata alinivuta hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akaniambia alichofanya, akasema na mimi ningemfanyia hivyo hivyo. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia asante.

Ofisini wakasoma kwenye kompyuta: saa mbili kasoro robo, kila kitu kiko sawa. Ikaandikwa kwamba daktari alikadiria tu, na kwamba mzee alianguka baada ya mimi kuondoka. Bosi akanishika bega. Na baada ya maziko akaja mtoto wa dada yake marehemu, mama mmoja mpole kutoka Göteborg, kuhamisha vitu. Aliomba kuniona. Akanipa sanduku la mabehewa, kumi na manne, akasema mjomba alinitaja kila walipozungumza kwa simu, na kwamba kinachompa usingizi ni kujua kuwa jioni ile ya mwisho alikuwa na mimi. Nikalipokea. Ningekataa kwa sababu gani? Kukataa kungehitaji maelezo.

Katika lile sanduku kumi na matatu yalikuwa kamili. La kumi na nne lilikuwa na kutu, lina michirizi, lina kila kitu isipokuwa vanishi ya mwisho. Liling'aa kama kichezeo kilichotoka dukani. Nililiweka kwenye kabati la vyombo, na kila nikichukua sahani linanitazama na mng'ao wake. Nikajiambia nikilimaliza nitapumua. Vanishi yake, iliyokuja ndani ya lile sanduku, ilikuwa imegandia chupani, kwa hiyo Alhamisi moja ya mwezi wa kumi na mbili, nilipotoka kazini mapema, nikaenda kwenye duka la vifaa hivyo huko mjini, karibu na Sankt Eriksplan.

Saa tisa alasiri nje ilikuwa giza tayari, na theluji inaanguka. Dukani nilisimama mbele ya rafu na chupa mbili mikononi, maandishi madogo, sielewi ipi ni ipi. Mkono ukaja kutoka pembeni, ukaichukua ile ya kushoto na kuirudisha rafuni. Akaniambia hiyo itaacha ukungu mweupe, nichukue nyingine, na nisipake nene.

Nikageuka. Alikuwa Mzee Evert.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Hata mimi nimejiuliza. Niaminini, jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa furaha. Miaka minne ya mazoea haisubiri akili. Nilimwona amevaa lile sweta lake la kahawia lililotoboka kiwikoni, bila koti, theluji mabegani, na neno lililonitoka mdomoni lilikuwa la kazini kabisa: nilimuuliza koti lake liko wapi. Akasema hakupata nafasi ya kulichukua. Nikalipia vanishi. Tukatoka pamoja, tukashuka kituoni. Nilimshika mkono kwenye ngazi kama nilivyomshika siku zote, na mkono haukuwa wa baridi wala wa joto. Ulikuwa kama mkono wa kiti.

Tulipokaa ndani ya treni ya kwenda Hagsätra ndipo akili yangu ilianza kurudi, kidogo kidogo. Treni ilikuwa na joto, watu wanafungua vifungo vya makoti. Theluji iliyokuwa mabegani mwake haikuyeyuka. Tulipita Gullmarsplan, bado ipo, vipande vizima vizima. Nikatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa na ndara. Mwingine hauna.

Nilivuta mkoba wangu mapajani. Yeye alikuwa ametulia, anatazama dirishani. Karibu na Svedmyra akanigeukia.

"Mama, siku ya posho ulifika saa ngapi?"

Nilijua anaulizia Jumamosi ipi, na nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakukuwa na bosi pale, hakukuwa na mtoto wa dada yake. Nikasema, "Saa mbili kasoro robo."

"Nilikuwa mezani ama chini?"

"Mezani, mzee."

"Na soksi?"

"Nilizivua. Nilizikunja nikaziweka kwenye kiti."

Hakukasirika. Aliinama polepole, jinsi wazee wanavyoinama, akapandisha mguu wa suruali. Soksi ilikuwepo, imepanda hadi chini ya goti, na juu ya ukingo wake nyama imevimba na kuwa ya zambarau. Akaitazama kwa muda mrefu, kwa yale macho yake ya kutafuta penye kosa. Halafu akaishusha suruali.

"Haya," akasema. "Kama ni wewe unasema."

Baada ya hapo hakusema tena. Ikaja Stureby. Ikaja Bandhagen. Ikaja Högdalen, pale pale niliposimama jioni ile nikachagua treni. Alikuwa amekaa, mikono magotini, uso kwangu. Leo najua alikuwa ananisubiri. Wakati ule nilihesabu vituo tu, niteremke, niende zangu. Rågsved milango ilipofunguka nilitoka kama mwizi, sikumuaga, na kupitia kioo nikamwona anaendelea na safari, peke yake kwenye kiti cha watu wawili.

Nilikuwa nimeegemea nguzo pale kituoni, natafuta pumzi, Mama Chantal akanishika begani. Alikuwa amekaa nyuma yetu tangu Gullmarsplan. Alikuwa anatabasamu.

"Yule mzee mzungu alikaa wapi kwetu?" akaniuliza. "Kiswahili chake ni cha Bukavu kabisa. Anasema hata siku ya posho. Mimi mwenyewe nimeishazoea kusema Jumamosi."

Nikakaa kwenye theluji, na mkoba wangu, mbele ya watu.

Kwa sababu Mzee Evert hakujua Kiswahili. Alijua "asante" na "polepole," nilimfundisha mimi, na hayo aliyatamka vibaya. Miaka minne tulizungumza Kiswidi. Na mle ndani ya treni aliniuliza kwa Kiswahili cha mtaani kwetu, jina la siku kama mama yangu alivyoliita, na mimi nikamjibu bila kushtuka. Nilimdanganya kwa lugha ya mama yangu. Nilimwambia Mama Chantal yule mzee alikuwa nani na alikufa lini. Tabasamu lake likafutika. Alinisindikiza hadi mlangoni kwangu, hakuingia.

Kesho yake niliipaka ile vanishi, nyembamba, kama alivyosema. Ilikauka ikawa safi. Mng'ao wote ulikufa, na mezani kwangu pakasimama behewa lililonyeshewa maisha yake yote. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote kumi na nne. Nikalifunika behewa kwa kitambaa cha vyombo.

Nikaamua kusema. Msidhani nilinyamaza. Nilianza na bosi. Alisikiliza nusu, akainuka akafunga mlango, akaniambia suala la mzee huyo limeshafungwa, kwamba huzuni inaweza kumfanya mtu ajilaumu kwa mambo ambayo hakufanya, akaniuliza kama ningependa kuonana na mtu wa kuzungumza naye. Nilimwambia mimi sihitaji mtu, ninahitaji iandikwe. Akasema hapana kitu cha kuandika. Marisol alipopata habari kwamba nimeingia ofisini alinifuata hadi kituo cha basi, akaniuliza kama nataka kumzika na yeye, mwenye watoto watatu. Hatuongei tena. Mchungaji wetu alinishika kichwa akaniombea, akasema Mungu ameshanisamehe, yote ndani ya dakika chache, na watu wengine walikuwa wanasubiri kwenye foleni nyuma yangu.

Nikampigia yule mama wa Göteborg. Nikamweleza kila kitu, sherehe, simu, soksi. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

Nikasema nilidhani ana haki ya kujua. Akasema alikuwa analala vizuri, na kwamba sasa hatalala tena, na je, mimi nimepata nafuu? Siku chache baadaye aliniandikia ujumbe, kwa adabu, anaomba mabehewa yarudi. Nilifunga moja moja kwa karatasi za jikoni, nikayapeleka posta. La kumi na nne pia.

Bado nafanya kazi ile ile. Hawakunifukuza, wangenifukuza kwa lipi? Kwenye kompyuta mimi sina kosa. Siku hizi naingia kila nyumba, navua kila soksi, nachelewa kila mahali, na wazee wa mwisho kwenye orodha yangu wanalalamika. Nikiwa na mapumziko napanda treni ya Hagsätra, nakaa kwenye kiti cha watu wawili, naweka mkoba chini ili pembeni pabaki wazi. Amekaa kijana na simu yake, amekaa mama na kiroba cha viazi. Yeye hajakaa. Namuita kimoyomoyo kwa Kiswidi, namuita kwa Kiswahili. Najua sasa nitamjibu nini. Siku ya posho sikuja, mzee. Ulikuwa chini. Soksi ulikuwa nazo.

Na wewe unayenisikiliza, sijui una deni gani la maneno na marehemu gani, hilo ni lako. Ila ikitokea akaja, pengine mchana, pengine kwenye foleni ya dukani, akakuuliza kwa upole jambo ambalo unalijua, usifikirie utaonekanaje. Jibu hapo hapo. Usidhani atarudi kuuliza, na usidhani utapata mwingine wa kumpa ule ukweli. Mimi nimeupeleka kwa wote walio hai na hakuna aliyeutaka. Aliyeutaka alikuwa mmoja, alikaa pembeni yangu kuanzia Svedmyra hadi Rågsved akinisubiri niseme, na mimi nilikuwa natazama mlango.